Nani atashika kibodi?

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Changanyikeni. Umeniuliza kama ni busara uache mitego yako ya mbu huko Ifakara wiki nzima, uje chuoni Mlimani kwenye mafunzo ya kuchambua takwimu kwa R, ile programu ya kompyuta, wakati masomo hayohayo yapo YouTube bure. Nami nakuuliza: huko mafunzoni, nani atashika kibodi?

Najua unacheka. Mama yako nikianza hadithi hii hukumbuka kwamba kuna kitu jikoni kinaungua. Ila wewe hujaisikia yote.

Ilikuwa kwenye ile hoteli ya ufukweni, enzi za diski, wakati wa madaftari yangu ya mihogo ya Kibaha. Asubuhi nzima tulimngoja mgeni rasmi. Akaja, akafungua, tukapiga picha ya pamoja, tukanywa chai kwa sambusa, na kwenye korido posho ikazungumzwa kuliko takwimu. Hayo nilishayazoea. Lililoniuma lilitokea siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana. Jedwali langu lilikataa kutoka. Mwezeshaji, kijana mpole kabisa, akasema, "Samahani, mzee" (mzee gani, nilikuwa sijagusa arobaini!), akausogeza mkono wangu pembeni, akashika kipanya, akabofyabofya, jedwali hilo hapo, safi. Washiriki wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Nikiipigia makofi kazi yangu mwenyewe, nisiyojua imefanyikaje. Cheti chake unakikumbuka, kile kilicholiwa na mchwa. Nilirudi kwenye ile kompyuta mliyokuja kuigeuza stendi ya tivii, nikafungua jedwali lingine, nikabaki nalitazama nalo likinitazama.

Mkono ndio unaojifunza. Macho ni mashahidi tu.

Sasa tangazo ulilonitumia linasema mtafundishwa kwa utaratibu wa Software Carpentry, mradi wa kuwafundisha watafiti kazi za kompyuta. Nimewasoma. Greg Wilson na Brent Gorda waliuanzisha 1998, wakifundisha wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani. Mwanzoni kozi ilikuwa ya wiki. Siku hizi mara nyingi ni siku mbili. Mkufunzi anaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, mbele yenu, nanyi mnaandika naye, na akikosea mnamwona anavyojinasua. Kila mtu ana vijikaratasi vya kunata vya rangi mbili: ukikwama unabandika hiki, ukimaliza kile. Na wasaidizi wanakatazwa kumnyang'anya mwanafunzi kibodi. Hapo nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena.

Lakini tusidanganyane. Shangazi yako alijifunza mwenyewe, usiku, watoto wamelala, na leo ndiye anayetusahihisha wote. R ni ya bure tangu zamani. Ihaka na Gentleman, wanatakwimu wa chuo kikuu, waliianzia kule Auckland, New Zealand, wapate cha kufundishia wanafunzi wao. Video haina mgeni rasmi, na unairudisha nyuma utakavyo. Basi baki Ifakara? Aa, video haikuoni ukikwama. Lakini na mbu wa masika nao hawamsubiri mtu aliyefuata cheti mjini. Unaona ninavyohangaika? Mkono ndio unaojifunza, kwa hilo sirudi nyuma, ila hata mkono wa mtu aliye peke yake hujifunza.

Waandikie waandaaji, uwaulize kama unaruhusiwa kuja na data zako. Kama mtashinda na vile vipimo vya maua 150 ya iris vilivyomo ndani ya R kama data za mfano, utayajua maua, na mbu wako watabaki vilevile kwenye daftari. Waulize pia wasaidizi ni wangapi kwa chumba chenu. Wakikujibu kwa kukutajia ukumbi na chakula, umeshajibiwa.

Sikuambii njoo, sikuambii baki. Wewe ndiye mwenye utafiti, na msimamizi wako ana maneno yake. Ulimi unaniwasha, lakini nimeufunga.

Mama yako ameshauliza kama aagize nguru. Nimemwambia hujaamua, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekuzuia.

Baba yako