Kwenu mnaolaza matela nje: maji yapewe njia ya kutoka

Wadogo zangu, mvua za Novemba ziko mlangoni, na kila ninapopita kwenye yadi kuanzia Mbalizi hadi Uyole nakuta jambo lilelile: tela la trekta limevishwa turubai la nailoni, kamba zimekazwa mpaka chini ya chesisi, na kijana aliyelifunga amesimama pembeni roho imetulia. Najua mnalifunga hivyo kwa kulipenda. Lakini mnalimaliza, na mimi nimechoka kuona mbao zikitupwa na bati likikatwa kila mwezi wa tano.

1. Turubai. Hapa nitakaa sana, mnivumilie.

Tela la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la ekseli moja, la kubebea viazi, sakafu ya mbao za paini kutoka Mafinga. Mwenyewe alikuwa mzee wa Umalila aliyelipata kwa kuuza viazi msimu hadi msimu. Tulipomaliza kusomba mbolea kazi ikapungua, nikaambiwa nilipaki. Nikalipaki juu ya majani, sikuliosha, nikalifunika turubai hadi likagusa ardhi, nikakaza kila kona. Miezi yote ya mvua nilikuwa nikipita pale naona turubai limesimama imara, naona kazi yangu ni nzuri.

Nilipolifungua, kilichotangulia ni harufu ya uvundo. Mbao zilikuwa na ukungu, bisibisi ilizama bila kusukumwa. Bawaba za mlango wa nyuma zilikuwa zimeshikana. Kwenye kona, mlemle vumbi la mbolea liliposalia, bati lilikuwa likitoka magamba. Mzee alilizunguka tela lote kimya, akagusa kona moja, kutu ikambakia mkononi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nililiosha kabla ya kulifunika, nikamwambia ukweli. Viazi vyake vya msimu ule vilibebwa na tela la kukodi, na pesa aliyokuwa ameiweka kwa mbegu ikaishia kwa fundi wa kuchomelea. Ile hali ya yeye kutonigombeza bado inaniuma.

Sasa sikilizeni kilichotokea mle ndani. Ardhi mbichi inatoa mvuke mchana kutwa, na turubai linauzuia usiondoke. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; jua likizama, chuma kinapoa haraka, na ule mvuke unageuka matone juu yake. Maana yake tela linalowa kila usiku, hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Halafu mbolea za urea na CAN zinavuta unyevu kutoka hewani. Mbolea hiyo ikishaloana juu ya chuma, kutu haisubiri. Tela lililoachwa wazi, likanyeshewa na kukaushwa na upepo, lingetoka na hali bora kuliko lile la mzee.

Kwa hiyo: osha kila kona, hasa baada ya mbolea na samadi. Anika juani mpaka mbao zikauke kweli. Pitisha mti katikati, kutoka mbele hadi nyuma, turubai lipate mgongo na maji yateremke pande mbili. Kingo ziishie juu ya matairi, upepo upite chini. Na usilipaki juu ya majani. Tafuta kokoto au tofali.

2. Mteremko. Inua mguu wa mbele, nyuma kuwe chini, mlango uachwe wazi kidogo, na kona za sakafu ya bati zitobolewe matundu ya milimita 10 yapakwe rangi ukingoni.

3. Skwea paipu. Mafundi wetu wanapenda kuziba ncha zake kwa bati, inapendeza, lakini maji yanaingia kupitia vitundu vya kuchomelea na hayana pa kutokea. Chesisi inang'aa nje huku inaliwa ndani. Toboa tundu moja sehemu ya chini kabisa ya kila paipu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete ndio wasilisahau hili: mwezi wa sita na wa saba kule maji yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka. Ukitaka kujua paipu limeliwa, ligonge kwa nyundo ndogo urefu wake wote. Penye chuma kizima panalia, palipooza panatoa sauti butu.

4. Matairi. Watu wa huku wanadhani penye baridi hakuna jua. Nyanda za juu jua lina ukali wake, maana hewa iliyo juu yetu ya kulipunguza ni kidogo, na ndilo linalopasua mbavu za tairi ambalo kashata zake, yale meno ya kukanyagia, bado nzima. Vika magunia. Piga jeki, weka magogo chini ya ekseli, na upepo usiutoe.

5. Beringi. Hii nawasihi. Kuna madereva wanaotoka Usangu na mpunga, habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, bado ya moto, wanalirudisha tela moja kwa moja mtoni likaoshwe. Habu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Tela linaegeshwa hivyo, linalala miezi, na beringi inaota kutu pale pale ilipogusana na kikombe chake. Safari ya kwanza gurudumu linaunguruma. Acheni habu ipoe kwanza. Mkifungua mkakuta grisi imegeuka nyeupe kama maziwa, toeni yote, safisheni kwa dizeli, kausheni, jazeni mpya na sili mpya. Tela likiwa limelala, zungusheni magurudumu mara moja moja grisi isituame upande mmoja.

6. Oli chafu kwenye mbao. Nakataa. Haizami vya kutosha, imebeba masizi na chembe za vyuma vya injini, na juu ya mbao hizo mnakwenda kumwaga mahindi ya kula. Nunueni mafuta ya kitani ya kupaka mbao, mpake zikiwa kavu, na kati ya ubao na ubao acheni nafasi.

7. Mengineyo. Breki ya mkono isiachwe imevutwa, viatu vitanata kwenye ngoma. Zuia matairi kwa mawe. Plagi ya taa ining'inie mdomo chini, ipakwe vaselini. Chini ya mparachichi au mkaratusi hapafai, majani yanashika unyevu kwenye kona. Kutu ikionekana, brashi ya waya, msasa, praima, kisha rangi, na mpake saa ambazo umande umekwishakauka.

Siku ya kulitoa, kabla ya kulifunga kwenye trekta, ingia chini kwa tochi: angalia viungo vya kuchomelea, pini ya kuvutia, majani ya springi, nati za magurudumu. Kaza nati, liendeshe tupu mpaka barabara kuu, simama, shika kila habu kwa mkono. Iliyo ya moto kuliko wenzake ifunguliwe hapo hapo, mzigo usubiri.