Anza na kihenge, hewa ukaa itafuata

Huku Chamwino, Dodoma, mimi hukaa na vijana wa sekondari baada ya vipindi, tukazungumza umaskini na mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu mwenzangu unayetaka kufanya hivyo, usianze na barafu inayoyeyuka kaskazini ya mbali. Anza na kaya ya mkulima, mwaka ambao mvua imekatika Februari.

Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Hakuna vuli ya kufidia hasara. Mahindi yakinyaukia kwenye kuchanua, basi tena. Sasa waulize: kihenge cha nafaka kikiwa kitupu, watu huuza nini kwanza? Uliza kuhusu "watu wa kijijini", usiulize "kwenu", maana yupo aliyekuja bila kula na hana haja ya kulitangaza hilo.

Majibu yatakuja yenyewe. Kuku. Halafu mbuzi, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnadani kila mtu anauza wakati debe la mahindi limepanda. Kisha vibarua, kisha shoka na tanuri la mkaa. Mwisho, kwa sauti ya chini, atatajwa binti aliyeacha shule akapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Yaandike ubaoni kwa mpangilio huohuo, kisha uliza: mvua ya mwaka unaofuata ikiwa nzuri, kaya hii inalima kwa mbegu gani na ng'ombe gani? Hapo kijana anaona mwenyewe kwa nini ukame mmoja humfunga maskini kwa miaka. Usiharakishe. Mimi hata kipindi kizima hukiachia swali hilo.

Atatokea wa kusema wachoma mkaa ndio wamefukuza mvua. Usimpite. Ni kweli ardhi iliyovuliwa miti huliwa na maji. Kondoa makorongo yalitisha hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973. Lakini joto la dunia limetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu kubwa ya moshi huo tangu zamani ni ya nchi tajiri zenye viwanda. Mtanzania wa kawaida mchango wake ni mdogo mno akilinganishwa na Mmarekani. Mtoto wa mchoma mkaa yumo darasani humo. Asirudi nyumbani akiamini baba yake ndiye chanzo cha ukame. Tena mkaa ule unapikiwa mjini, na hilo nalo liseme.

Baada ya hapo watoe nje. Mtama na uwele wanavijua, wakumbushe tu kwamba huvumilia ukame kuliko mahindi. Muda wako upeleke kwenye kisiki hai, yaani kukuza tena mti kutoka kisiki chake: tafuteni kisiki kinachochipua shambani, chagueni machipukizi machache yaliyonyooka, kateni mengine, fungeni kitambaa ili wachungaji walitambue shina hilo. Haihitaji mche wala maji ya kumwagilia, kwa sababu mizizi tayari iko chini. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba kwanza, na mpange zamu za kurudi kupunguza matawi.