Mizimu ya Gede: itajwe au iachwe?

Ndugu, umeuliza kama msemaji wa mhadhara wa magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, ataje mizimu au aiache. Aitaje, tena mapema. Watu wa Watamu na Malindi wamekua wakisikia kwamba wazee wa kale bado wanaulinda mji, na mwenye kuuharibu atapatwa na mabaya. Hata mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliandika kuwa mwanzoni alihisi kuna mtu anamchungulia nyuma ya kuta. Mtaalamu wa kupima kwa futi na kamba, eti!

Ila asiishie hapo. Kuna kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuna msikiti mkuu, kasri, na vyombo vya kauri vya China. Mji ulihamwa karne ya 17. Wengine husema ni mashambulizi ya Waoromo, wengine maji kushuka visimani.

Mngempa mzee wa Kigiriama, jamii ya eneo hilo, nafasi ya kwanza, mwanahistoria amfuate. Mkipanga kinyume, mzee ataona haya na hatasema kitu.