Matanga Yakishaanuliwa, Msituzimie Redio

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Pangani aliniandikia ujumbe mrefu. Baba yake kafariki, matanga yameanuliwa, watu wamerudi makwao, naye kila jioni anajifungia chumbani na simu yake anasikiliza nyimbo za huzuni. Shangazi yake anamwambia anajitafutia wazimu, na kwamba nyimbo za namna hiyo zinaita msiba mwingine. "Dada, niache?" Ndivyo alivyomalizia.

Usiache, mdogo wangu. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna mtu mliyemzika na hamjamlilia mkatosheka, namjibu mbele yenu wote.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na Shakila ndiye aliyekuwa mwimbaji wake. Namzungumzia Shakila Said, mtoto wa Pangani, aliyeimba na Black Star na Lucky Star, zile klabu za hapa kwetu zilizoipigia taarabu gitaa na besi. Mama alikuwa na kaseti yake iliyochezwa mpaka mkanda ukalegea mahali pamoja. Ukifika pale sauti inazama, inajivuta, halafu inapanda tena. Mama alikuwa akisimamisha mguu kwenye cherehani, anangoja. Sauti ikikaa sawa, anaendelea kushona. Hakuwahi kuipeleka mbele hata siku moja.

Alipofariki, mimi ndiye binti mkubwa. Anayeijua misiba ya pwani anajua maana yake: upokee wageni, ujue mchele umebaki kiasi gani, sufuria za jirani zisipotee, wazee wapate mikeka. Watu wakanisifu, "mashaallah, huyu ana moyo." Nilikuwa sina nafasi ya kulia, basi. Arobaini ikapita, nikarudi kazini, nacheka na wenzangu, usiku naikodolea macho dari.

Siku moja natafuta uzi kwenye droo ya cherehani, nikaikuta ile kaseti. Nikaikaza mkanda kwa penseli, nikaiweka kwenye redio. Wimbo ulikuwa Macho Yanacheka, na kila mtu wa huku anajua macho yakicheka moyo unafanya nini. Ulipofika pale penye mkanda uliolegea, nikajikuta naangalia chini, kwenye pedeli. Nililia mpaka upindo wa khanga ukaloa. Wimbo ulipokwisha, kilio nacho kikatulia, na usiku ule nililala.

Mjomba mmoja alinikuta katika hali ile siku nyingine. Akaingia, akazima redio bila hata kuniuliza hali, akasema kaburi la mamangu halijakauka nami nimeshatia taarabu. Nimemsamehe, na nikimsalimia namshika mkono kwa heshima zote. Lakini ule mkono wake kwenye swichi sijausahau. Nawaheshimu wanaosema muziki haufai msibani. Mimi msibani sikuupiga. Nilikuwa chumbani kwangu, arobaini imepita, peke yangu.

Tatizo la huzuni iliyofungiwa ni kwamba hujui itaanza saa ngapi wala itakoma lini. Wimbo una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Taarabu ya zamani inaanza na ala peke yake, unapata muda wa kujiweka sawa. Mwimbaji anaingia, beti likiisha kiitikio kinarudi, na lile neno lililokuchoma mara ya kwanza, mara ya tatu unaweza kuliitikia. Halafu ala zinanyamaza, unanawa uso. Umemkaribia maiti wako kwa dakika chache, na umerudi kupika.

Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch, watafiti wa Berlin, walichapisha majibu ya watu 772 waliowauliza kuhusu nyimbo za huzuni. Hisia iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa hamu ya siku zilizopita, kuliko hata huzuni yenyewe. Niliposoma hivyo nikasema naam, ule mguu wa Mama.

Na wapo waliokiita kifo kwa jina lake. Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi, alitunga wimbo mzima akauita Kifo, na watu wakaucheza dansini. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 2010, na Shakila akafariki Agosti 2016. Wote wawili walituimbia jambo ambalo majumbani mwetu tunalifunika kwa "jikaze".

Jamani, tuliache hilo neno. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim. Wewe nani umkataze mtoto wa watu asimlilie baba yake? Mnamsifu mfiwa asiyelia, kisha miezi sita baadaye mnashangaa kawa mkali kwa watoto wake. Mwacheni alie, na kama kilio chake kinatoka kwa wimbo, mwacheni na wimbo.

Wewe mdogo wangu, chagua wimbo alioupenda marehemu, usikilize mpaka mwisho bila kuchezea simu. Sikiliza jioni, kabla usiku haujawa mkubwa. Chagua wenye maneno unayoyaelewa, maana maneno ndiyo yanayolia kwa niaba yako. Na ukiona siku zinapita huli, hulali, au unatamani kumfuata baba, hapo wimbo hautoshi: mwambie mtu leo leo, na uende hospitali ukaonane na daktari.

Shangazi yako usibishane naye. Huyo uliyempoteza ni kaka yake, na siku zote za msiba yeye alikuwa jikoni. Muulize kaka yake ujanani alikuwa akipenda wimbo gani, uutafute, umwekee, ukae naye mpaka uishe.