Inawaka ikitaka, inagoma ikitaka

MASWALI YA WASOMAJI: PIKIPIKI

Barua tatu zilizotufikia zinahusu shida ya aina moja: pikipiki ya zamani ambayo leo inawaka vizuri na kesho inakataa, bila mwenyewe kujua kilichobadilika. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wenye shida hiyo ni wengi, na ndiyo inayowamalizia pesa.

SWALI: Ndugu wahariri, salamu kutoka Arua, Uganda. Nina pikipiki ya Kihindi ya cc 100, ya mwaka 2012, ya kabureta. Haina stata, ni kiki tu. Asubuhi inawaka mara moja. Nikibeba abiria mpaka Nebbi au Koboko, nikiizima inagoma. Napiga kiki mpaka mguu unauma. Ikikaa nusu saa hivi inawaka kama haikuwa na neno. Fundi amebadilisha plagi mara mbili, akabadilisha pia CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi. Sasa anasema ninunue kabureta. Ninunue?
*Mwendesha boda, Arua*

JIBU: Usinunue, ndugu yetu. Barua yako yenyewe imetupa nusu ya jibu: ikiwa baridi inawaka, ikipata moto inagoma, ikipoa inapona. Kabureta yaweza kuwa na kosa, lakini si mtuhumiwa wa kwanza hapa.

Ugonjwa unaokuja na kuondoka haupimwi gereji wakati pikipiki imeshapona. Fundi anaikuta nzima, anabahatisha kipuri, inawaka, unalipa. Ingewaka hata bila hicho kipuri, kwa kuwa imepoa. Kesho inagoma tena njia ya Nebbi. Ndivyo CDI nzima zinavyotupwa. Kwa hiyo vipimo vifanyike palepale ilipogoma, ndani ya dakika tano za mwanzo, kabla injini haijapoa. Kuanzia leo beba chini ya kiti spana ya plagi inayokaa sawasawa kwenye plagi yako, plagi moja unayojua ni nzima, kitambaa kinene na chupa ndogo ya maji.

Ikigoma, piga kiki tatu tu kisha acha. Kiki nyingi zinajaza petroli kwenye silinda na kukuchanganya: shida moja inakuwa mbili.

Anza na kifuniko cha tangi. Kifungue ukisikiliza. Kikivuta pumzi kwa nguvu, ile sauti ya "fsss", tundu lake la hewa limeziba. Mafuta yakishuka bila hewa kuingia nyuma yake, tangi linayashika na kabureta inabaki kavu. Vumbi la marram la Desemba mpaka Machi huziba matundu hayo sana. Acha kifuniko wazi dakika moja, jaribu tena. Ikiwaka, dawa ni kusafisha tundu kwa waya mwembamba na kulipuliza, na hukununua kitu.

Kama hakuna sauti, toa plagi ukiishika kwa kitambaa kwa sababu inaunguza. Iweke pembeni, utaisoma baadaye. Chukua ile plagi nzima, ichomeke kwenye kofia ya plagi iliyo mwisho wa waya mnene, kisha ilaze chuma chake kigusane vizuri na kichwa cha injini, mbali na tundu ulilotoa plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto. Simama kivulini, washa swichi, piga kiki. Usipige kiki kofia ikining'inia hewani bila plagi: umeme ukikosa njia hutafuta njia ndani ya koili inayozalisha umeme mkubwa wa plagi, au ndani ya CDI, na kuziharibu.

Ukiona cheche ya buluu yenye mlio, umeme upo. Sasa soma plagi uliyotoa. Ikiwa imelowa, silinda imejaa mafuta: choki imekwama, au sindano ya floti (boya dogo ndani ya kabureta linalofunga mafuta yakitosha) haifungi na kabureta inamwaga. Rudisha plagi kavu, fungua akseleta yote, choki ikiwa imezimwa, piga kiki tano au sita. Ikiwaka kwa moshi mweusi, sindano ya floti na kiti chake ndiyo kazi yako, na vipuri hivyo ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na kabureta nzima. Ikiwa plagi ni kavu kabisa, mafuta hayafiki: chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungua bomba la petroli la tangi. Yanapaswa kutiririka mfululizo. Yakidondoka tone kwa tone, chujio la bomba limejaa kutu na uchafu wa tangi.

Usipoona cheche, au ukiona nyekundu dhaifu inayokatikakatika, hapo ndipo tunapopatilia shaka zaidi. Vitu viwili hufa kwa joto na kufufuka vikipoa: koili ya plagi iliyo chini ya tangi, na koili ndogo ya pulsa iliyo karibu na sumaku (gurudumu linalozunguka na injini na kuzalisha umeme), ile inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto, yaani cheche. Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba. Ukiwa na ufa, baridi huugusanisha na joto huuachanisha. CDI nayo inaweza kufa hivyo, ila yako imeshabadilishwa na ugonjwa umebaki.

Koili ya plagi unaweza kuijaribu barabarani. Zima swichi, izungushie kitambaa ulicholowesha maji na kukikamua, ngoja dakika tano, ondoa, futa mpaka ikauke, kisha jaribu moto tena. Cheche ikirudi wakati injini bado inaunguza, koili hiyo ndiyo mgonjwa. Pulsa iko ndani ya kifuniko, kwa hiyo inataka mita ya umeme. Tafuta soketi ya waya zake, ichomoe, pima omu (kipimo cha ukinzani wa waya) ikiwa baridi asubuhi na uandike namba. Pima tena inapogoma. Usiumize kichwa na namba kamili ya kitabu, angalia tofauti. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, basi kutoka nyuzi 25 hadi 90 namba ipande kama robo. Ilikuwa 200, ikawa 250: nzima. Ikiruka hadi maelfu, au mita ikaonyesha waya umekatika: badilisha.

Kwa koili ya plagi mita haitoshi. Inaweza kusoma vizuri kwa volti ndogo ya mita halafu ikavuja kwa maelfu ya volti za kazi. Ushahidi wake ni kuazima koili nzima ya pikipiki kama yako na kusafiri nayo njia ileile. Azima, usinunue ya kujaribia. Wauzaji wengi wa vipuri vya umeme hawarudishi pesa.

Kabla ya kuhukumu koili yoyote, shika usukani, uzungushe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho huku mwenzako akipiga kiki na plagi ikiwa imelazwa kwenye kichwa cha injini. Cheche ikija upande mmoja na kupotea upande mwingine, waya umechubuka shingoni mwa fremu. Kwenye pikipiki ambazo CDI hupata umeme moja kwa moja kwenye sumaku, swichi huzima injini kwa kupeleka waya mmoja ethi, yaani kwenye chuma cha fremu, na waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini inazimika kana kwamba umezungusha ufunguo. Kujua kama yako ni ya aina hiyo, toa fyuzi ya betri na upige kiki: moto ukibaki vilevile, haitegemei betri.

Limebaki jambo moja, nalo mafundi wengi hulirukia mbali: valvu. Kama moto upo, mafuta yapo, lakini kiki inakuwa laini pikipiki ikipata joto na ngumu ikipoa, nafasi ya valvu (upenyo mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma) imekwisha. Valvu ya ekzosi hurefuka kwa joto. Isipopata nafasi haifungi, na mgandamizo unatoroka. Kwa injini ndogo za aina yako nafasi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, fuata kitabu cha modeli yako. Hupimwa kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, injini ikiwa imelala usiku kucha, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya sumaku ikilingana na alama ya injini. Mlio mdogo wa valvu usikuudhi. Kuna wanaobana valvu ili injini inyamaze, na ukimya huo unachoma valvu.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya, naishi nje kidogo ya mji wa Kabale. Pikipiki yangu ina stata. Asubuhi nyingine nikibonyeza inalia "tak" na kunyamaza, asubuhi nyingine inawaka bila shida. Betri ni mpya. Mume wangu anasema ni baridi ya huku.
*Msomaji, Kabale*

JIBU: Dada yetu, baridi ya Kabale inachangia, kwa sababu oili inakuwa nzito na betri inapungua nguvu, lakini yenyewe tu isingefanya stata ichague siku. Sikiliza mlio. "Tak-tak-tak" ya haraka ni volti ndogo. "Tak" moja na kimya, kama yako, ina maana rile, ile swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, imefunga ila umeme huo haupiti. Kimya kabisa ingekuwa fyuzi, kifungo, au swichi ya klachi au nyutro.

Omba mita, weka volti za DC. Betri iliyolala usiku isome karibu 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu tu, hata kama ni mpya. Bonyeza stata ukitazama: isishuke chini ya 10 hivi. Ikishuka mpaka 8, betri au chaji. Ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, betri haina kosa; umeme umezuiwa njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza tena. Zaidi ya volti 0.3 hapo ni ethi mbovu: fungua boliti yake, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Pima hivyohivyo kati ya boliti mbili nene za rile. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3 kati ya boliti hizo wakati umebonyeza, badilisha rile. Mita ikionyesha kila kitu kiko sawa na bado inasema "tak", kaboni za stata (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota yake) zimekwisha, na hizo huuzwa peke yake, usikubali kununua mota nzima kabla hazijaangaliwa.

Halafu pima chaji: injini ikiwaka kwa mwendo wa kati, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Safari zako zikiwa fupi, za kuwasha na kuzima nyumba hadi nyumba, betri hairudishiwi kinachochukuliwa na stata. Asubuhi tumia kiki kama unayo. Na fundi akitaka kuunganisha boliti za rile kwa bisibisi, hakikisha kwanza pikipiki iko nyutro, la sivyo itaruka mbele.

SWALI: Yangu hugoma baada ya mvua tu, hapa Soroti. Jua likiwaka inapona. Petroli nanunua ya chupa kando ya barabara.
*Msomaji, Soroti*

JIBU: Mzee, una watuhumiwa wawili, uwapime siku hiyohiyo ya mvua. Legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, toa yaliyomo yote kwenye chupa angavu na uyaache yatulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama tone au tabaka linaloteleza. Ukiyaona, mwaga pia tangi lote, maana kusafisha kikombe peke yake kutakusaidia siku mbili tatu tu, kisha badili unakonunua.

Usipoona maji, tazama kofia ya plagi. Usiku gizani, injini ikiwa inazunguka, nyunyiza maji kidogo kwenye kofia na waya mnene wa plagi, mikono ikiwa mbali. Cheche za buluu zikitambaa juu yake, umeme unavujia pale. Zima, zungusha kofia kuitoa, kata milimita 5 za ncha ya waya iliyooza, zungusha kofia mpya mpaka ikaze. Kofia nyingi zenye kizuizi cha umeme ndani husoma karibu omu 5,000. Muombe muuzaji aipime mbele yako kabla hujalipa.