Kabla hujanunua kipoza kipya cha prosesa, pima kwanza

Swali huja karibu kila mara kwa sura moja: "Prosesa yangu inafika nyuzi 85, ninunue feni kubwa?" Namba hiyo peke yake haitoshi. Ryzen 5 5600 ya AMD inaruhusiwa kufika nyuzi 90, Core i5-12400 ya Intel inaruhusiwa 100, na Ryzen 5 7600X imetengenezwa makusudi ipande hadi 95 kwenye kazi nzito na ibaki hapohapo. Cha kukutoa hela ni mambo mawili: prosesa kujipunguzia kasi kwa sababu ya joto, au makelele ya feni uliyoshindwa kuyavumilia. La pili ni sababu halali kabisa, hata kama mafundi wengine hulicheka.

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, fungua sehemu ya sensa, halafu endesha Cinebench R23, jaribio la kuichosha prosesa, kwa dakika zake 10. Tazama joto na kasi ya kore zote kwa pamoja. Kama 5600 inashikilia gigahezi 4.2 au zaidi mwanzo hadi mwisho, achana nayo, hata ikisoma 84. Ikianza vizuri kisha kasi ikashuka kidogokidogo huku joto limeganda kwenye 90, hapo kipoza (chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa) kimezidiwa.

Andika na joto la chumba. Kipoza cha feni hupimwa kwa tofauti kati ya prosesa na hewa inayoingia, na hakiwezi kushusha chini ya hewa hiyo. Majaribio mengi ya YouTube hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Chumba cha Dar au Mombasa kisicho na AC kikiwa na 32, ongeza nyuzi 11 juu ya matokeo yao kabla ya kulaumu mashine yako.

Kisha rudia jaribio ukiwa umefungua ubavu wa keisi. Hili watu hulipuuza, na ndilo linalookoa hela nyingi kuliko yote. Joto likishuka nyuzi 8 au 10, tatizo lako ni hewa ya ndani ya keisi. Feni moja ya milimita 120 mbele na moja nyuma zitakusaidia kuliko kipoza kipya, kwa bei ndogo. Lisiposhuka, safisha vumbi kwa blowa (feni ishikilie kwa kidole isizunguke), pangusa pesti ya zamani (ute unaopeleka joto kutoka prosesa hadi kipoza) kwa spiriti, paka mpya, upime tena. Mashine iliyokaa miaka 4 bila kufunguliwa mara nyingi inahitaji hayo tu.

Wa kununua moja kwa moja ni mwenye prosesa isiyokuja na kipoza: Ryzen 7 5800X, Intel zenye herufi K, na Ryzen 7000 zenye X. Wa pili ni mwenye i5-12400 au prosesa ya aina hiyo anayetengeneza video au kufanya kazi ndefu. Boksi limeandikwa wati 65, lakini prosesa hiyo inaweza kuvuta mpaka 117 ikipewa nafasi, na kipoza chake kidogo kitaimba. Mwenye 5600 wa gemu na kazi za ofisi hana haraka. Kwa Ryzen za wati nyingi, jaribu pia Eco Mode (kikomo cha umeme) ya wati 65 kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi: ni bure, na kasi inayopotea kwenye gemu huwa ndogo.

Ukiamua kununua, mnara mmoja (kipoza kirefu kilichosimama) wenye mirija 4 ya shaba na feni ya milimita 120 unatosha kwa prosesa nyingi za kawaida. Vipoza vya maji siwashauri wengi wavinunue: pampu ikifa, mara nyingi kitu kizima kinatupwa. Pima nafasi kutoka juu ya prosesa hadi ubavu wa keisi. Minara mingi ina urefu wa milimita 150 hadi 160, na keisi nyembamba haziupokei. Angalia kama feni haitagonga ramu ndefu. Soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, nayo ina mtego: kwa Intel, matundu ya LGA1700 yako umbali wa milimita 78, ya LGA1200 ni 75, kwa hiyo kipoza cha mtumba bila vishikizo vyake sahihi hakifungi.

Kwenye AM4, soketi ya Ryzen kama 5600 na 5800X, kutoa kipoza cha zamani ndiko kunakoua prosesa. Washa mashine ifanye kazi dakika chache ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, legeza skrubu, halafu zungusha kipoza kushoto na kulia mpaka kiachie. Ukikivuta wima, prosesa inaweza kung'oka nacho na kupinda pini zake. Kwenye Wraith Stealth, kipoza kinachokuja na 5600, skrubu zikitoka bamba la nyuma ya mazabodi linaanguka. Lishike kwa mkono na usilitupe, vipoza vingi vipya vinalihitaji.

Pesti ya ukubwa wa punje ya njegere inatosha. Bandua nailoni chini ya kipoza kipya. Kaza skrubu kwa mshazari, zamu kwa zamu, na waya wa feni uchomeke palipoandikwa CPU_FAN. Joto likiruka hadi kikomo cha prosesa ndani ya sekunde chache za Cinebench, na si prosesa ya aina ya 7600X, huenda kipoza hakijakaa sawasawa: fungua uanze upya.

Wenye Dell OptiPlex na HP za ofisi za mtumba, tulieni. Plagi za feni zake na nafasi za skrubu mara nyingi si za kawaida, na nyingine huonyesha ujumbe wa hitilafu kila zikiwashwa feni asilia ikitolewa. Kwa hizo, pesti mpya na usafi ndiyo dawa, au tafuta kipoza asilia cha toleo la juu la modeli ileile.