Dokta, sumaku ya kichwani inaondoa kelele za masikio?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mzee wa miaka 58, nimefanya kazi ya mashine ya kusaga unga tangu ujana na bado nipo nayo. Miaka kadhaa sasa sikio la kushoto linalia nziiii usiku kucha, usingizi nausikia kwa watu tu. Mwanangu yuko Ujerumani kaniambia huko kuna tiba ya sumaku, wanakuwekea kitu kichwani kinapiga ubongo na mlio unakwisha, anataka tuuze kiwanja niende. Ni kweli au tunaibiwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mzee wangu. Kiwanja usiuze kwanza. Mwanao hajakudanganya, tiba ipo, inaitwa TMS, na Wajerumani wa Regensburg wamehangaika nayo kwa ajili ya masikio tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila hilo neno "unakwisha" ndo lenye matatizo.

Kwa nini ubongo wakati kinacholia ni sikio? Kelele za mashine zinaua vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio na vikishakufa havioti tena, sasa wataalamu wengi wanaona kwamba ubongo ukikosa sauti ulizozoea unajipandishia voliumu wenyewe, ndo maana unasikia nziiii hata chumba kikiwa kimya kabisa. Kwa hiyo wakasema tuutulize hukohuko juu. Unakaa kwenye kiti ukiwa macho, hakuna sindano wala kisu, koili ya sumaku inawekwa upande wa kichwa juu ya sikio inapiga pigo moja kila sekunde, mapigo 2,000, yaani nusu saa na ushee, kwa siku kumi hivi. Na mashine yenyewe inagonga ta! ta! ta! kwa sauti kubwa mpaka wanakuziba masikio, yaani tiba ya kelele nayo ina kelele zake.

Matokeo sasa. Mwaka 2015 watafiti wa Portland, Marekani, walitoa majibu ya wagonjwa 64, nusu walipigwa sumaku ya kweli na nusu ya uongo bila kujua. Wa kweli 18 wakapata nafuu, wa uongo 7. Watu wakafurahi sana. Ikaja 2017, Wajerumani wakatoa utafiti wao wa hospitali kadhaa, wagonjwa 163, mapigo yaleyale ya taratibu, na tofauti kati ya sumaku ya kweli na ya uongo haikuonekana! Halafu hata hiyo nafuu ya Portland ni alama kushuka kwenye fomu ya maswali, mlio unakusumbua kidogo kuliko jana, sio kimya. Marekani mashine hizi zimeruhusiwa kutibu sonona tangu 2008, lakini kwa masikio hapana, na mwongozo wa madaktari wao wa masikio wa 2014 unawaambia wasiitumie kama tiba ya kawaida. Mimi hela yangu nisingeitoa.

Kilichonishtua mimi kwenye barua yako ni hilo sikio MOJA. Kelele za mashine kwa kawaida zinaharibu yote mawili, mlio wa upande mmoja tu unatakiwa uchunguzwe, maana mara chache unakuta ni uvimbe, usio wa saratani, kwenye mshipa wa kusikia. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo, upimwe usikivu na akiona inafaa akutume ukapigwe picha ya kichwa ya MRI. Inawezekana pia ni nta tu imejaa. Ukikutwa usikivu umeshuka, kifaa cha kusikia mara nyingi kinapunguza na mlio. Chenye ushahidi mzuri zaidi ni tiba ya mazungumzo ya CBT, haifuti mlio ila inakurudishia usingizi na utulivu. Usiku washa feni au redio kwa sauti ya chini. Na kazini vaa vizuia kelele, sikio la upande wa kulia bado lipo.

SWALI: Dokta mama alipewa kwinini ya malaria masikio yakaanza kuvuma, na yeye anahitaji hiyo sumaku? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana jamani! Kwinini inajulikana kwa hilo na mara nyingi mvumo unaondoka wenyewe dozi ikiisha, asikatize dawa bila kumuuliza aliyemwandikia. Ila akianza kutosikia vizuri au kuona ukungu, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.